Anzeni kwa Mlezi: Furaha za Familia na Kujitolea kwa Watoto wa Skuli na Mayatima

(Hotuba ya mwalimu mstaafu, iliyotolewa Wete, Pemba, mbele ya wazazi, walimu, wajumbe wa kamati ya skuli na jamaa waliorejea kutoka nje)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa sheha, wajumbe wa kamati ya skuli, walimu wenzangu, wazee wangu, na nyinyi wanangu mliokuja kutoka Uingereza, Denmark, Kanada na Omani.

Jamaa zetu walio nje wanaporejea likizo, nyumba za Wete hujaa shughuli. Yuko anayekuja kuoza binti yake, yuko aliyeichelewesha akika ya mtoto ili mbuzi achinjwe Pemba na bibi yake aione, na yuko mama ambaye mwanawe amehitimu chuo kikuu huko aliko naye alikwisha kuweka nadhiri ya kumsomea maulidi. Miaka ya karibuni limeongezeka jambo ambalo enzi zetu halikuwapo, nalo ni kwamba familia hupenda furaha hiyo iandamane na kazi ya kujitolea. Vijana husema wangependa kusomesha skuli wiki mbili, au kwenda kukaa na mayatima, na wazazi wao hunipigia simu kuniuliza waanzie wapi. Kwa kuwa nimeshaulizwa sana, na kwa kuwa leo pande zote zimo ukumbini, nimeomba ruhusa nijibu mbele ya watu wote. Jibu langu ni moja: anzeni kwa mtu mzima atakayebaki na mtoto baada ya nyinyi kupanda ndege. Kwa yatima, mtu huyo ni mlezi wake. Kwa mwanafunzi, ni mwalimu wake. Msaada usiopita kwao mara nyingi hauufikii moyo wa mtoto, na wakati mwingine humdhuru.

Sisemi hivi kuwavunja moyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa Peponi kama hivi, akaashiria kidole cha shahada na cha kati akaviachanisha kidogo. Hakuna Muislamu aliyekulia visiwani hapa ambaye hakuisikia hadithi hiyo katika chuo cha Kurani kabla hajajua kusoma gazeti. Lakini mtazameni aliyetajwa. Ametajwa mwenye kuibeba dhamana ya mtoto: anayemwamsha alfajiri, anayejua kwamba mtoto huyu akila pweza huwashwa mwili, anayeacha shughuli zake kwenda kumsikiliza mwalimu mkuu anapoita wazazi. Apitaye na kuondoka ana thawabu zake kwa Mola wake, ila nafasi ile hakuahidiwa yeye.

Naomba tuanze na mayatima, kwa sababu huko ndiko nia njema inakopotea zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba mwaka 2015 dunia ilikuwa na mayatima wapatao milioni 140, kwa hesabu inayomjumuisha kila mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Kwa hiyo katika kila mayatima kumi, karibu tisa wana mama au baba aliye hai, na hata katika wale waliobaki wengi wana bibi, ami, shangazi au kaka mkubwa anayewalea. Kinachopungua katika nyumba zao ni chakula, karo, nauli na dawa, wala si mtu wa kuwapenda.

Nchi ambayo kisa chake kimeandikwa kwa uwazi zaidi ni Kambodia. Watalii na vijana wa kujitolea walipoanza kumiminika huko, nyumba za kulelea watoto zilizohesabiwa rasmi ziliongezeka kutoka 154 mwaka 2005 hadi 269 mwaka 2010, ingawa mayatima hawakuwa wakiongezeka, na watoto wengi waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Si vigumu kuelewa namna ilivyokuwa. Mgeni hutaka kumwona yatima, na hutoa pesa pale anapomwona. Basi mwenye nyumba huhitaji watoto wa kuonwa, na mzazi maskini huambiwa kwamba mwanawe atasomeshwa bure na atalishwa, akakubali kumtoa. Mchango uliotolewa kwa machozi ya huruma ukawa ndio unaomtenga mtoto na mama yake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la haki za mtoto la Disemba 2019, liliitaja kazi ya kujitolea katika nyumba za mayatima, pamoja na utalii unaozizunguka, kuwa miongoni mwa mambo ambayo nchi zinapaswa kuyachukulia hatua. Nayataja haya ya mbali ili tusijidanganye kwamba Pemba haiwezi kufika huko. Penye wageni wenye huruma na wenyeji wenye shida, njia ni ile ile.

Liko pia la moyo wa mtoto mwenyewe. Utafiti ulioanza mwaka 2000 katika mji wa Bucharest, Romania, uliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi. Kwa kura, nusu yao walitafutiwa familia za kuwalea na nusu wakabaki katika utaratibu uliokuwapo. Walioingia katika familia walipata nafuu ya akili na ya hisia kuliko wenzao, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotoka mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili au karibu na hapo. Mtoto mchanga hujengwa na mtu mmoja anayerudi kila siku, sauti ile ile na harufu ile ile ya nguo. Anapobadilishiwa mikono kila mara, huanza kumkimbilia mtu yeyote. Vijana wangu, mkiingia mahali mtoto wa miaka mitatu msiyemjua akaja mbio akawarukia na kuwakumbatia, msifurahi haraka. Mtoto aliyelelewa kwa utulivu humwonea haya mgeni; hujificha nyuma ya kanga ya mama yake, akachungulia kwanza. Anayemkumbatia kila aingiaye huenda amekwisha kuachwa na wengi, na wiki mbili zenu zitamwongezea mwingine wa kumuacha.

Wazee wetu hawakuusubiri utafiti huo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja huku Pemba, watu wengi wakafa, na hakuna haja ya kuwaeleza wenyeji wa ukumbi huu kilichofuata. Sisi tuliokuwa madarasani wakati ule tuliziona nyumba zikigawana watoto. Huyu alikwenda kwa ami yake, yule kwa mama mdogo, wengine walihamia shehia nyingine, yaani eneo linaloongozwa na sheha mwingine, kwa sababu bibi yao alikuwa huko, na mabadiliko hayo mwalimu aliyajua kwa kusikia tu kwamba kuanzia sasa fulani ataitiwa mzazi mwingine. Jina la mtoto halikubadilika. Aliendelea kuitwa kwa jina la marehemu baba yake, kama Suratul Ahzab inavyoamrisha, na yule aliyemchukua hakudai kuwa ni wake. Huo ndio utaratibu ambao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeutaja katika kifungu cha 20 kwa jina lake lenyewe, kafala, kuwa ni moja ya njia halali za malezi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo mwaka 2015 ilipewa tuzo ya kimataifa ya dhahabu kwa ubora wake, imesimama juu ya maslahi ya mtoto, na kwa mtoto wa kwetu maslahi hayo mara nyingi yamo ndani ya ukoo wake.

Waliokuwa wachanga mwaka ule sasa ni vijana wakubwa, na waliokuwa darasa la tatu wapo waliokwisha kuoa na kuolewa. Hapa ndipo ninapotaka familia zenye furaha zinisikilize vizuri, kwa sababu tumezoea kumwona yatima kuwa mgeni wa shughuli zetu, tukasahau kwamba naye ana za kwake. Ana khitma yake ya Kurani. Mtoto wa kiume ana tohara yake. Atafanya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yatatoka bila ya baba wa kuyasoma. Akiwa binti, iko siku posa itapelekwa, na mtu atatakiwa kusimama akawa walii wake, yaani msimamizi wa kumwozesha. Katika fiqhi yetu, baba akikosekana uwalii huenda kwa babu mzaa baba, kisha kwa kaka, kisha kwa ami, kwa mpango unaojulikana, na mtu huyo hawezi kupatikana katika faili la shirika. Binti aliyeondolewa mikononi mwa jamaa zake akiwa na miaka minne, akalelewa mbali kwa pesa za wafadhili, siku ya ndoa yake atasimamiwa na kadhi wakati ana ami aliye hai mahali fulani ambaye hamjui kwa sura. Ndoa yake ni sahihi kabisa, lakini mnaelewa kilichopotea.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuifurahia akika ya mwanawe pamoja na mayatima, namshauri aangalie kalenda ya nyumba ya mlezi kabla ya kuangalia yake. Katika akika ni sunna kunyoa nywele za mtoto na kutoa sadaka fedha yenye uzito wa nywele hizo. Ni kiasi kidogo, na wengi wetu huongeza. Kile mtakachoongeza kitafutieni mlezi mmoja, mkubaliane naye mahitaji ya mtoto kwa mwaka mzima: sare, madaftari, mikanda mipya ya mkoba uliochanika, nauli ya hospitali, na mwakani mwulizeni tena. Mwenye kuoza na apeleke kwa shangazi anayelea, wiki mbili kabla ya arusi, kitambaa cha nguo za watoto wote wa nyumba ile, waliofiwa na wasiofiwa, ili siku ya siku waje wamevaa sawa.

Nasema waliofiwa na wasiofiwa kwa sababu ya jambo nililoliona kwenye arusi moja ambayo sitaitaja. Baada ya chakula, kipaza sauti kilitangaza kwamba mayatima wapite mbele. Wakapangwa mstari mbele ya kamera, kila mmoja akapewa bahasha na boksi la juisi. Wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka kama minane, amevaa shati lake la skuli lililopigwa pasi, bila shaka kwa kuwa ndilo lililokuwa zuri kuliko mengine. Jina lake lilipotajwa, alimtazama binamu yake aliyekaa naye mkekani, akangoja naye atajwe. Hakutajwa. Mtoto akasimama katikati ya watu, hajui aende au akae, mpaka mtu akamsukuma taratibu mgongoni. Watoto wale wawili wanalala kitanda kimoja na wanakula sinia moja kwa yule shangazi. Mwenye arusi alikusudia wema, na naamini hakuliona. Lakini Suratudh-Dhuha inaposema yatima asionewe, haikuishia kwenye kipigo na mali.

Sasa skuli. Hapa nitasema kwa ufupi kuhusu makosa na kwa urefu kuhusu yanayowezekana. Nimeona msimu mmoja ambao vikundi vya wageni vilifuatana katika darasa la tano la skuli moja, na kila kikundi kikawafundisha watoto wimbo ule ule wa Kiingereza wa viungo vya mwili. Kilipofika kikundi cha mwisho, watoto walikwisha kuujua wote, lakini kwa adabu zetu wakajifanya wanausikia mara ya kwanza, wakashika kichwa na magoti vibaya makusudi ili mgeni apate cha kusahihisha. Mwalimu wao alikuwa barazani na kitabu cha hisabati mkononi, amekunja ukurasa wa hesabu za sehemu ambao alipaswa kuwa ameumaliza zamani. Hakulalamika. Nani atamlalamikia mgeni?

Wahenga walikwisha kulimaliza hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hutolewa na mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeonyesha pa kulima. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Walimu wetu wengi wanaijua hisabati vyema, lakini wamesomeshwa katika mazingira ambayo Kiingereza kilikuwa cha kitabuni tu, na mtoto anapouliza swali nje ya kitabu, mwalimu hurudi kwenye Kiswahili, jambo ambalo mimi binafsi silioni kuwa ni dhambi. Nyinyi vijana mmekulia katika lugha hiyo. Badala ya kuliondoa darasa mikononi mwa mwalimu, kaeni naye chumba cha walimu mkondo wa asubuhi ukishatoka. Mpitie naye somo la kesho, aulize kwa Kiingereza, mjibu, mbishane, mcheke. Wiki mbili za namna hiyo zitabaki skuli miaka ishirini, kwa kuwa atakayebaki nazo ni mwalimu. Nanyi mtajifunza kitu ambacho hamkukipata huko, yaani namna mtu mmoja anavyowashika watoto wengi waliobanana kwenye madawati machache bila ya kupandisha sauti.

Tunao mfano mzuri ulio karibu nasi. Mpango wa skuli za maandalizi za Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan na kuongozwa mwanzoni na Bi Swafiya Said, uliingia Zanzibar mwaka 1990. Wafadhili wake walikuwa wa nje, pesa na utaalamu mwingi vilitoka nje. Lakini kijiji kilichotaka skuli kilitakiwa kwanza kiunde kamati, kitoe mahali, na kichague wanawake wake wenyewe wa kwenda kufunzwa ualimu. Wakufunzi waliwafuata walimu hao madarasani mwao, wakawa nao kwa muda mrefu, kisha wakaondoka. Wapo hapa ukumbini kina mama waliosomesha kwa njia hiyo, na wajukuu wao wamepita katika vyumba vile vile. Ndiyo maana siwezi kukubali kauli kwamba msaada wa wageni hauna faida. Una faida ukimkuta mwenyeji amesimama.

Kuna mambo mawili ya utaratibu, nitayapita haraka. Kijana mwenye pasi ya kusafiria ya nchi nyingine, hata kama babu yake amezikwa Mtambwe, hapa hapa Pemba, ni mgeni mbele ya sheria, na mgeni anayefanya kazi ya kujitolea anatakiwa awe na kibali, ambacho kwa kawaida ni cha ukaazi cha daraja la C. Ulizeni Idara ya Uhamiaji kabla ya kuja, si baada. La pili ni picha. Uso wa mwanafunzi usitoke skuli bila ya idhini ya mzazi au mlezi na ya mwalimu mkuu, na mtoto asiandikwe popote kwamba ni yatima. Atakapokuwa na miaka ishirini na mitano na anaomba kazi, picha hiyo itakuwa bado ipo.

Wako watakaoniambia kwamba kwa masharti haya vijana watakata tamaa na hawatarudi. Sidhani. Kijana aliyelelewa mbali mara nyingi huja huku akiwa na hamu ya kuwa wa hapa, na njia ya haraka ya kumfanya awe wa hapa ni kumpa kazi ya kweli na kumkosoa akikosea, kama tunavyowafanyia watoto wa nyumbani. Tunapomwachia aimbe na kupiga picha, huwa tumemwambia kwa heshima kwamba yeye ni mtalii.

Kwa mwezi huu, tumekubaliana na kamati kama ifuatavyo. Vijana waliojiandikisha kwa ajili ya skuli wataonana leo baada ya Sala ya Alasiri na walimu wa hisabati na sayansi, na ni walimu watakaosema wanawahitaji kwa lipi, siku gani na saa ngapi. Wiki ya kwanza mtakaa nyuma ya darasa, na simu zibaki mikobani. Familia zenye shughuli zitamwona sheha pamoja na kina mama wawili wa kamati. Wao wanayo orodha ya walezi wa shehia hii. Haina majina ya watoto, haitasomwa hadharani, na hakuna atakayepewa nakala yake. Mtatajiwa nyumba moja, mtakwenda na mmoja wa kina mama hao, mtagonga hodi, mtakaa barazani kama jamaa anayekuja kutazama jamaa, na mtaulizana hali kabla ya jambo lolote. Walezi waliokuja leo na wasiopenda kutembelewa wamwambie sheha kabla hajatoka, na hawataulizwa sababu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.